Naona Bunga

Bunia, Rwambuzi, tarehe 9 Febuari 2025

Papa mudogo Ambroise,

Jambo sana huko Kinshasa, na jambo kwa mama Mireille na batoto yote. Siye hapa tuko, pumuzi iko. Mama anakusalimia. Magoti inamuumaka wakati ya baridi, lakini shamba bado analima, na ukimukataza anakasirika. Mudogo wangu Aimée iko sixième, mwaka huu anafanya examen ya Leta, ile ya kumaliza shule. Ye njo alitaka kuniandikia hii barua, nikakataa. Nimeandika mwenyewe. Ukikuta makosa ni yangu yote, unajua niliachia shule mu ya ine.

Unasemaka nikupigie telefone. Papa mudogo, kwa telefone sauti yangu inakufa. Ukisema tu "allô", maneno yote inakimbia. Kwa papie haiko mutu ananiangalia. Rachidi, ule anabebaka mizigo kwa uwanja ya ndege, amekubali kupatia barua mutu anaenda Kinshasa. Ni rafiki yangu, ni Muislamu ya kweli, hawezi fungua barua ya mutu.

Sasa neno yenyewe. Juma iliyopita radio ilisema kolonele Ambroise Kasereka, piloti ya zamani ya ndege ya vita, iko kati ya watu batatu benye wanaweza pewa jeshi yote ya hewani. Mama alikuwa anapepeta maharagi. Aliacha kitunga, akaanza kupiga vigelegele peke yake. Jirani akaruka na inje: "Mama Kavira, kwenu nani ameoa?" Mama akajibu: "Shemeji yangu ameoa mawingu!"

Mimi pia nilifurahi. Kesho yake nikaenda kazi kwa mashini ya kusaga, mu mutaa ya Lumumba, nikiwa bado nacheka peke yangu. Kwa mustari kulikuwa adjudant Stéphane, soda, askari wa Kinshasa, iko Bunia mwaka ya pili, mutu wa mizaha. Mama mumoja akasema ule kolonele ni mutoto wa hapa. Stéphane akapiga mikono: "Ule? Colonel Nabungi?" Basoda wenzake wakacheka paka machozi.

Mimi niliendelea kuvuta gunia. Sikuuliza. Lakini nilisikia yote, juu watu wa mustari hawanionaka. Alisema zamani walikutuma kupiga kambi ya watu ya silaha mu pori ya Mambasa, ukarudi na bombe zote chini ya mabawa. Alisema kwa radio ya ndege ulisema mwenyewe mu Lingala "nabungi", maana yake nimepotea. Njo jina ikabaki. Piloti alipotea juu ya kwao.

Papa mudogo, weye? Babu alikuwa anakutuma Mambasa na kinga, baiskeli yake, ungali mutoto, unajua kila muto ya ile njia. 

Mama sikumuambia. Nakuuliza weye tu.

Ni mimi Kule, naamini weye kuliko radio na kuliko mustari.


Kinshasa, 16 Machi 2025

Mutoto wangu Kule,

Barua yako imefika wiki ya tano, kona moja imelowa na inanuka samaki. Rachidi ni muaminifu, lakini muambie na mwenzake wa ndege aache kuchanganya barua na makayabo.

Huku tuko salama. Mutoto wetu Prince ameanza université na sasa ananisahihisha Kifaransa mezani. Mireille anawasalimu, anauliza kama mama yako alipata ile dawa ya magoti. Apake asubui, asingoje maumivu.

Umeandika vizuri. Nilimuonyesha Mireille na akasema barua hii iko na macho.

Unaniuliza mambo ya kazi, basi nikuambie. Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili waliponipeleka ng'ambo kusoma ndege, inchi ya baridi ambapo ukitema mate yanafika chini yakiwa jiwe. Mwalimu wetu alikuwa nyuma yangu ndani ya ndege na kifimbo; ukikosa, anagonga kofia yako, ko, ko, kama mutu anabisha mulango. Siku aliyoniacha nipande peke yangu, niliimba wimbo wa kanisa la kwetu toka kuruka hadi kutua, na kumbe radio ilikuwa wazi, watu wote walisikia. Niliruka miaka kumi na saba. Lieutenant, capitaine, major. Kisha wakaniweka mu dépôt ya parachute, miaka sita. Watoto niliowafundisha wakanipita grade. Sikulalamika. Walipokosa walimu wakaniita tena, nikafundisha, nikapanda colonel. Hiyo ndiyo njia yangu yote.

Kuhusu lile jina: basoda wanacheka kila mutu. Kuna jenerali wanamuitaka Sufuria, na yeye anajua. Commission itasoma dossier zetu watatu, itaamua. Weye saga bunga, na mambo haya usiyaongelee kwa mustari.

Papa yako mudogo, anayekupenda,
Ambroise


Bunia, tarehe 6 Aprili 2025

Papa mudogo,

Siye wazima. Mvua imeanza, njia ya Rwambuzi imekuwa matope ya kubebana. Mama anasema asanti kwa dawa, anapaka, na anaongea na magoti yake kama watu. Aimée anasomaka akitembea, juzi aligonga mulango na kichwa, akaendelea kusoma.

Barua yako nilisoma mara tano. Ulinieleza baridi, na kifimbo, na Sufuria. Lakini hakuna mahali uliandika "sikupotea". Nilitafuta na kidole, mustari kwa mustari.

Sasa sikia kitu ilinifikia. Siku ya ine adjudant Stéphane alileta muhogo yake kusagisha. Haikukauka vizuri, bunga ikatoka nzito, ilibakia aanike tena kwa jua. Mashini inapiga kelele, na sauti yangu unaijua. Nikamuambia: "Adjudant, naona bunga bado mubichi."

Akaweka mukono kwa sikio: "Obungi? Umepotea wapi, petit? Si uko kwa mashini yenu?"

Nikasema tena: "Naona bunga!"

"Eh, nabungi, nabungi! Basi tukutafutie mutu akurudishe kwa mama yako!"

Watu yote wakacheka. Nikasikia haya, nikaingiza kichwa mu gunia kama naangalia kitu. Mama mumoja wa mustari njo aligombeza Stéphane: "Weye Kinshasa, hakuna mutu alipotea! Bunga njo hii, ya bugali! Masikio yako iko ya nini, ya kuvalia kofia?"

Stéphane akashangaa kweli: "Aaa! Ile siye tunaitaka fufu?"

Papa mudogo, nilizima mashini. Patron akatoka mbio, akafikiri mafuta imeisha. Haikuwa mafuta. Ni mimi nilisikia bunga na nabungi ni sauti moja. Juu mu ndege ya vita kelele inapita ya mashini. Na ule mutu alikuwa anakusikiliza chini, alikuwa wa wapi? Alikuwa mutu wa Lingala? Mama anasemaka weye ukishituka unasahau Kifaransa na Lingala yote, unasema paka ya kwetu.

Ulisema bunga? Niandikie ndiyo ao hapana, inatosha.

Sijaambia mutu.

Kule


Kinshasa, 25 Mei 2025

Kule,

Salamu kwa mama yako na Aimée. Huku joto. Mireille alilala na malaria siku ine, sasa amerudia kunigombeza, kwa hiyo amepona kweli.

Nimechelewa kujibu. Nilianza barua tatu, nikapasua zote.

Swali hilo usiniulize tena. Sijakasirika. Sikiliza vizuri kama unavyosikilizaka: mu jeshi, piloti akipotea wanamucheka. Piloti akikataa amri wanamufunga. Mimi wananicheka miaka kumi na moja sasa, na nimelea watoto, na nimefundisha mapiloti makumi ine. Kicheko hakivunji mufupa.

Commission itamaliza mwezi wa tisa. Mumoja wa wale wawili wengine ametoa ile karatasi ya zamani akaiweka juu ya meza: "Mutu aliyepotea juu ya kijiji chao, ataongoza namna gani ndege za inchi yote?" Wamenipa nafasi ya kujieleza kama ninataka. Sijui kama ninataka.

Usiende popote. Najua unavyonyamaza, na najua kunyamaza kwako kuko na miguu.

Ambroise


Bunia, tarehe 22 Juni 2025

Papa mudogo,

Pole kwa malaria ya mama Mireille, na tunashukuru amerudia kugombeza. Hapa wazima. Aimée amemaliza examen, anangojea matokeo, hakule vizuri.

Ulisema nisiende popote. Barua yako ilifika nikiwa nimesharudi. Njo maana sikuvunja neno yako.

Mama nilimuambia naenda Mambasa kutafutia patron muhogo. Haikuwa uongo yote, nilirudi na gunia mbili. Nilipanda juu ya mizigo ya camion siku mbili. Mambasa sikuuliza juu ya ndege, juu ukiuliza ndege huko watu wanafunga mulango. Niliuliza juu ya bunga: zamani, nani alikuwa anauzishia wachimbaji bunga mingi? Wote wakasema, ni mama Françoise, kwa carrière ya Mabukulu, kule wanachimba zahabu.

Toka Mambasa ni mwendo ya saa tatu na moto, ile pikipiki. Wachimbaji ya zahabu wametoka pande zote, kuna kanisa ya mabao na musikiti ya bashi, yale maturubai, vinaangaliana, na kati yao njo mama Françoise anauzisha bugali kwa wa kanisa na kwa wa musikiti. Nilikula kwake siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akasimama mbele yangu na mwiko mukononi:

"Kijana, unakulaka kama mutu ameficha kitu mu shavu. Tema ao uende."

Nikatema. Nikasema: "Mama, ndege ya vita ilipitaka hapa?"

Akacheka, mwili yote ikacheka. "Mara moja! Mwaka ile nilikuwa nanyonyesha Lionel wangu. Watu yote wakakimbilia pori. Mimi nikakimbilia bashi zangu! Nilifikiri ni radi, mutoto wangu. Bashi kumi na mbili ya bunga iko kwa jua, na mvua inanguruma, nitakimbilia pori kufanya nini? Nakunja, nakunja, naona ile kitu inarudia, chini, chini, paka upepo yake inanimwagia bunga yote kwa kichwa. Mimi mweupe, Lionel mugongoni mweupe, tuko kama mizimu mbili. Nikatukana ule mutu! Nikatukana mama yake, nikatukana papa yake. Akaenda zake."

Papa mudogo, alitukana bibi yangu na babu yangu mbele yangu, nikacheka naye, ningefanya nini.

Nikamuuliza kama watu ya silaha walikuwaka pale. Alisema hapana, hao walikuwa ngambo ya muto, mwendo ya siku nzima. Pale ilikuwa wachimbaji na bamama na batoto, labda watu mia tatu.

Sikumuambia ndege ilikuwa ya nani. Sikumuambia ilibeba nini. Niliangalia tu anavyogeuza bugali, mikono yake ya nguvu, na Lionel anamulilia amupe viatu ya mupira.

Ulisema nisikuulize swali. Sikuulize. Nakuhadisia tu safari.

Kule


Kinshasa, 6 Julai 2025

Kule, mutoto wa kaka yangu,

Barua hii nimeisoma ndani ya gari mbele ya ofisi. Dereva akaniuliza: "Mon colonel, mumefiwa?" Nikamuambia hapana, kinyume. Hakuelewa, na mimi sikuweza kumueleza.

Nisamehe nimeruka salamu. Mama yako mupe zote.

Ndiyo. Nilisema bunga.

Walituonyesha picha iliyopigwa kutoka juu: viraba vyeupe kumi na mbili katikati ya pori. Tente za adui, walisema. Nilipofika juu yake nilipita mara ya kwanza mbio, nikaona watu wanakimbilia miti. Adui akisikia ndege anakimbilia miti, kwa hiyo kila kitu kilikuwa sawa na kidole changu kilikuwa mahali pake. Lakini mutu mumoja alikimbia upande mwingine. Alikimbilia vile viraba, akaanza kukunja.

Kule, hakuna soda duniani anayekunja tente akisikia ndege ya vita. Lakini mutu anayesikia ngurumo na jambo la kwanza ni kukimbilia bashi, huyo namujua. Ni mama yangu. Ni mama yako. Nikarudia, chini kuliko wanavyoturuhusu, nikaona vumbi jeupe linapanda, na mutoto mugongoni. Nikapiga kelele kwa radio: "Naona bunga! Naona bunga!" Kifaransa kilikuwa kimeniacha, Lingala pia, kama mama yako anavyosemaka. Nikageuza.

Aliyesikiliza chini aliandika: nabungi. Nilipoteremuka, mukubwa alikuwa ananingoja na karatasi mukononi. "Umepotea?" Nikasimama pale na kofia yangu. Nikisema hapana, basi nimekataa amri, watanifunga, na kesho asubui watatuma mwingine asiyejua bashi. Nikisema ndiyo, watarudia kutafuta mu carte, siku tatu, siku ine. Nikasema: "Ndiyo, mon général, nimepotea." Wakatafuta upya. Wakagundua wenyewe kwamba kambi ilikuwa ng'ambo ya muto. Hakuna aliyerudi Mabukulu.

Nilifikiri nitaeleza baadaye. Baadaye ikawa dépôt ya parachute.

Na kuna kitu sikumuambia hata Mireille. Miaka hii yote sikujua kama yule mama aliishi. Nilikuwa naogopa kuuliza. Naambiwa sasa anauza bugali na ananitukania wazazi. Haki yake, aendelee.

Nimewaandikia commission. Nimesema kila kitu, na nimetaja Mabukulu. Sasa mambo ni mawili: ao wananipa jeshi la hewani, ao wananifunga kwa kukataa amri na kwa kudanganya mukubwa. Wanatuma magistrat wa jeshi Bunia, mwezi wa nane, asikilize mama Françoise na mutu wa kueleza lile neno. Najua unavyoogopa watu. Sikulazimishi. Mutu mwingine anaweza kueleza, kila mutu wa Bunia anajua bunga.

Wakinifunga, mama yako asisikie kwa radio. Muambie weye, polepole.

Ambroise


Bunia, tarehe 17 Agosti 2025

Papa mudogo,

Kwanza furaha: Aimée amepita na makumi sita na moja kwa mia! Walimumwagia poudre ya mutoto paka anakohoa, na mama amesahau ako na magoti.

Sasa ya magistrat. Nilienda mwenyewe kuchukua mama Françoise Mambasa. Njiani njo nilimuambia. Kwanza akasema: "Kumbe ule mumwaga bunga ni papa yako mudogo! Atanilipa!" Alafu nikamuambia ndege ilibeba nini chini ya mabawa, na ilitumwa kufanya nini. Akaomba camion isimame. Akateremuka, akakaa chini pembeni ya njia, na Lionel kwa magoti, mutoto mukubwa namna ile. Convoyeur akapiga kelele twende. Mama akamuambia: "Nyamaza, niko nahesabia watu." Alikuwa anataja majina, mumoja mumoja, wale walikuwa Mabukulu ile siku. Alitaja mingi. Camion ikangoja.

Siku ya pili ya juma tukaingia mu chumba. Magistrat ni kolonele wa Kinshasa, miwani, mutu ya utulivu. Pembeni kuna greffier anaandika, ye pia wa Kinshasa. Ya kutafsiri wakaleta nani? Adjudant Stéphane! Akaniona, akanong'ona: "Petit wa mashini, unafanya nini hapa?" Nikamuambia: "Ule colonel Nabungi ni papa yangu mudogo." Papa mudogo, sijawahi kuona mutu mweusi anageuka rangi namna ile. Akaangalia viatu yake.

Mama Françoise akasema yake, na mikono, na matusi yote. Stéphane alipofika kwa matusi akasema mu Lingala: "Hapa mama alisikitika." Magistrat akacheka: "Nimesikia jina la papa, endelea."

Wakaita mimi. Nilisimama. Magistrat akauliza: "Kwa wazo lako, piloti alisema neno gani?" Nikafungua kinywa, sauti ikatoka kama ya panya: "Alisema, naona bunga."

Greffier akaandika. Unanijua, mimi naangaliaka mikono ya watu. Niliangalia ile kalamu. Kusoma najua kidogo, lakini ile neno sasa naijua kupita jina yangu. Aliandika n, a, b, u, n, g, i.

Nikasahau haya. Nikasema: "Mukubwa, pardon, asome hiyo ameandika."

Greffier akakasirika: "Ni kazi yangu, petit."

Magistrat akasema: "Soma."

Akasoma mu Kifaransa, Stéphane akatafsiri, na sauti ya Stéphane ilikuwa inatetemeka kwa kucheka: "Shahidi anasema... shahidi anasema amepotea."

 Alafu mama Françoise akapiga mapaja: "Amepotea wapi? Si uyu amesimama mbele yenu?" Chumba yote ikapasuka. Ata walinzi wa mulango. Magistrat akatosha miwani, akapanguza macho. Akaniambia: "Sema tena, kijana. Yote, na nguvu."

Nikasema kama mashini inazunguka na mustari ni murefu paka barabarani: "NAONA BUNGA!"

Greffier akashika gome ya kufuta. Magistrat akamukamata mukono: "Usifute. Hiyo kosa yako njo ushahidi. Acha namna iko, andika chini yake: nimesikia mwenyewe, greffier wangu amekosa mbele ya macho yangu, na hapa hakuna kelele ya ndege."

Stéphane alinisindikiza paka inje. Akasema: "Petit, miaka yote mimi nacheka ule muzee." Akaniomba nikuandikie pardon yake. Njo hiyo.

Tunangojea. Mama nimemuambia yote. Hakulia. Amesema tu, ningalijua ningalipiga vigelegele tangu mwaka ile.

Kule


Bunia, tarehe 28 Septemba 2025

PAPA MUDOGO! JENERALI!

Sitauliza habari ya mutu leo, wote wazima, wote wanakunywa!

Radio ilisema saa sita na nusu. Mama alikuwa ameshika sahani, ameivunja. Aimée akanikimbilia kwa mashini na kiatu kimoja. Alipofika hakuweza kusema, akaonyesha juu kwa mbingu. Patron akazima mashini mwenyewe, bila mafuta kuisha, akasema leo wote wanasagisha bure paka saa kumi. Mustari ilienda paka kwa kanisa.

Stéphane akafika na basoda tano. Nikafikiri wanakuya kucheka. Wakasimama garde-à-vous mbele yangu, mimi niko mweupe wa bunga kutoka kichwa paka miguu! Stéphane akasema na sauti ya parade: "Jeshi ya hewani iko na mukubwa mupya!" Alafu akaniambia polepole: "Na ni mutu anaona."

Mama Françoise alipiga simu ya Mambasa. Anasema Mabukulu wamechinja mbuzi mbili, moja ya shehe, moja ya pasta, na wamebishana mbuzi ya nani ni ya jenerali. Anasema bashi moja ya bunga bado iko na deni, lakini kwa leo anakuachilia.

Niandikie ilikuwa namna gani mu commission. Watu wananiuliza, na mimi sasa najibuka.

Mutoto yako,
Kule


Kinshasa, 2 Novemba 2025

Mutoto wangu Kule,

Salamu kwa mama yako, kwa Aimée mudiplomé, na kwa adjudant Stéphane. Muambie pardon yake nimeipokea, na aje kwangu akifika Kinshasa, tutakula bugali na tutaiita jina lake sahihi. Mireille amenunua kofia tatu za sherehe na anasema ni kwa ajili yangu. Prince ameacha kunisahihisha Kifaransa, kwa muda.

Umeniomba nikueleze. Waliniweka mbele ya meza ndefu, wakubwa saba. Anayeongoza akasoma ile karatasi ya zamani, kisha akauliza:

"Mwaka ule, ulipotea?"

"Hapana, mon général."

"Basi ulikataa amri."

"Ndiyo."

"Na ukadanganya mukubwa wako."

"Ndiyo. Kwa hilo niko tayari kuazibiwa. Kwa lile la kwanza, munipe ndege leo, munionyeshe yule mama, nitakataa tena."

 Yule aliyeleta karatasi juu ya meza aliangalia dirisha. Kisha wakafungua raporo ya magistrat wa Bunia. Mukubwa anayeongoza akaanza kuisoma kwa sauti kavu ya ofisi, akafika kwa greffier, akasimama, akarudia mustari, na nikaona mabega yake yanaruka. Wakacheka wote saba. Nilingoja waniambie nitoke. Lakini akaweka karatasi chini na akasema, bila kucheka sasa: "Amri ya kupiga bamama haiko amri. Huyu mutu hakukataa kitu. Nyinyi wengine munipe jina la piloti mwingine hapa ambaye watu mia tatu wanakula bugali mpaka leo kwa sababu yake."  Kwa kudanganya wamenipa barua ya lawama, nimeitia mu cadre, iko ukutani nyuma yangu.

Kule, nimevaa hizi nyota wiki tano. Nimetembea base zote. Nimekuta ndege zinazohitaji matairi na vijana wanaohitaji kulala. Nimeweka mutu wa mahali kwa kila radio: wakiruka mashariki, anayesikiliza chini lazima ajue lugha ya kule, na ajue watu wa kule wanaanika nini kwa jua.

Juzi, saa tisa mchana, capitaine mumoja kijana alirudi na bombe zake zote. Alishuka, kofia mukononi, kama mimi siku ile. Wakubwa wake walikuwa wananingoja niseme. Nikamuuliza: "Umeona nini?" Akanieleza. Alieleza kwa lugha ya kwao, maana nyingine zilikuwa zimemukimbia, na kijana wa radio alikuwa ameandika kila neno sawasawa. Hakuna mutu aliyecheka.

Wakaniletea raporo niitie mukono. Mahali pa sababu kulikuwa kumebaki wazi, walikuwa wanangoja mimi nichague neno. Nikachukua kalamu, nikaandika mwenyewe: Aliona.

Ambroise